Maua kwenye Mkokoteni wa Kokoto

Nyamakendo, Mbalibali
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mwanangu Gloria,

Hujambo? Huku sisi wazima. Mvua inapiga kila mchana, mahindi yamefika kiunoni, na ng'ombe wako wamenenepa kwa majani mabichi. Barua hii nimempa Dullah wa bodaboda kwa kuwa ndiye anayeleta mboga hapo shuleni kwenu. Mambo yenyewe si ya kusema kwenye simu ya matroni huku wenzako wamepanga foleni nyuma yako.

Jumanne alikuja mtu na pikipiki, akagongomea karatasi kwenye mti pale tunapopakilia kokoto, akaondoka bila salamu. Mwenzetu Mokami akaenda kuisoma. Unamjua Mokami, hasomi kimyakimya. Akasoma kwa sauti: mkandarasi analeta mtambo wa kusaga kokoto mwisho wa mwezi wa tano, na kilima chote kitazungushiwa uzio. Halafu akafika kwenye mstari huu, nimeunakili kama ulivyo: "Hakuna watu wala shughuli yoyote katika eneo hili."

Gloria, anasoma hivyo na sisi tuko arobaini na mmoja, kila mtu amekaa kwenye lundo lake na nyundo mkononi. Tukacheka. Mokami akarudia tena ule mstari, na mara ya pili hakuna aliyecheka.

Mimi niko kilima hiki mwaka wa kumi na moja, tangu baba yako alipotutoka. Mama Simoni alianza kabla yangu. Misingi ya nusu ya nyumba za Mugumu imejazwa na mawe yaliyopita mikononi mwetu. Sasa tunaambiwa hatupo.

Tumekaa, tumeongea. Mokami akasema, "Kama hatuonekani tukiwa kilimani, twende tukaonekane barabarani." Mei Mosi ni siku ya wafanyakazi, na sisi ni wafanyakazi. Tutapamba mkokoteni wetu wa ng'ombe kwa maua, tupande juu na nyundo zetu, tupite Mugumu mbele ya mgeni rasmi kama magari mengine yanavyopita.

Wewe mwaka jana uliandamana na shule, uliyaona hayo magari. Niandikie yanapambwaje, yanapita kwa utaratibu gani. Mimi sijawahi kwenda. Siku hiyo huwa niko kilimani.

Mama yako,
Waisiko


Mugumu
Jumatano, 16 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumapili baada ya ibada. Mistari yako inapanda juu kama ngazi, nadhani uliandika haraka.

Pole sana kwa habari ya kilima. Nimeisoma ile sentensi mpaka nikaikariri.

Uliniuliza kuhusu magari. Mwaka jana la kwanza lilikuwa la watu wa hoteli za watalii. Lori zima, na juu yake twiga wa waya na magazeti, shingo ndefu kiasi kwamba kila wakifika kwenye nyaya za umeme ilibidi mtu amwinamishe kwa kamba. Wauguzi walikuwa na kitanda juu ya gari, na mgonjwa mwenyewe alikuwa muuguzi amefungwa bandeji, anapungia watu mkono. Walimu walikuwa na ubao. Yote yamepambwa kwa vitambaa, maputo na maua ya plastiki. Gari likifika mbele ya jukwaa kuu linapunguza mwendo, na msemaji anasoma kwenye karatasi jina la taasisi na kazi inayofanya. Halafu watu wanapiga makofi.

Lakini mama, nakuomba msije. Hakuna mkokoteni hata mmoja kule, ni malori tu. Ng'ombe hawajazoea matarumbeta. Polisi wanaweza kuwazuia mkaumia. Njia ni ndefu na mvua ndiyo hiyo. Ingekuwa vizuri mwandike barua kwa wahusika, mimi naweza kuwasaidia kuiandika vizuri kwa lugha ya ofisi.

Mwaka huu nimechaguliwa kushika bango la shule, mimi na Winfrida, rafiki yangu niliyekusimulia. Tutasimama karibu kabisa na jukwaa.

Tafadhali fikiria tena.

Mwanao,
Gloria


Nyamakendo
Jumapili, 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Mwanangu Gloria,

Heri ya Pasaka. Umenifurahisha na habari za twiga, nimewasomea wenzangu, Mama Simoni kacheka mpaka kafuta machozi. Na hongera ya bango! Basi utatuona vizuri kuliko mtu yeyote.

Usituhofie. Najua unaogopa mama yako asije akapigwa virungu. Hatuendi kufanya fujo, tunakwenda kupita.

Alhamisi iliyopita mimi na Mokami tulikwenda Mugumu kujiandikisha. Pale kwenye kamati ya maandamano tulikuta kijana mmoja na fomu zake.

"Mwajiri wenu nani?" akauliza.

"Hatuna."

"Chama chenu cha wafanyakazi?"

"Hatuna."

"Sasa mnaandamana kama nani?"

Mokami akamfungulia viganja vyake vyote viwili. Kijana akaviangalia, akageuka pembeni. "Mama, fomu haina sehemu ya viganja." Halafu akasema ng'ombe hawaruhusiwi, watachafua barabara. Nikamuuliza, mbona twiga anaruhusiwa? Akasema twiga ni wa waya.

Tukatoka. Hatukuandikishwa. Tukakaa kwenye kibaraza tunakunywa maji, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa, nakwambia ukweli. Mwenye kibaraza akatoka. Ni Bi Samira, yule anayepamba magari ya maharusi karibu na msikiti. Watu wake wametoka Tanga zamani, amezaliwa hapahapa Mugumu. Akatuuliza tuna nini, tukamweleza. Akatuuliza tena, "Maua yenyewe mtayafunga na nini?" Tukasema kamba. Akaguna.

"Mkifunga kwa kamba yatanyauka kabla hamjafika sokoni, mtaonekana mmebeba majani ya mbuzi."

Akatufundisha. Unakata mgomba, unaupasua vipande, unavipigilia misumari ubavuni mwa mkokoteni. Halafu unatoboa tundu kwa kijiti, unachomeka ua. Mgomba una maji ndani, ua linakunywa humo mpaka jioni. Na ametupa uwanja wake. Tutatoka huku mchana wa tarehe thelathini, tutalala kwake, tupambe asubuhi.

Sasa kila mtu anatafuta maua. Alizeti pori zimejaa kando ya barabara. Katekista ameturuhusu tukate bogenvilia za kanisani. Mama Simoni juzi katushangaza, kasema atakata mistari mitatu ya alizeti zake za shambani zilizowahi kuchanua. Tukamkatalia, ile ni mafuta yake ya mwaka mzima. Akasema, "Mafuta nitapika bila. Nataka wanione."

Baraka, kijana wa jirani, ananisaidia kuwazoesha ng'ombe kelele, anapiga debe nyuma yao. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Waisiko


Mugumu
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu nikachana. Nilisema naogopa polisi. Siogopi polisi.

Nilipofika hapa kidato cha kwanza, siku ya kwanza bwenini kila mtu alikuwa anataja kazi ya wazazi wake. Baba wa Winfrida ni afisa wanyamapori. Precious mama yake ni muuguzi. Ilipofika zamu yangu nikasema mama yangu ana duka la vitenge Sirari. Nilitaka iwe kwa siku ile tu. Lakini walikuwa wananiuliza vitenge vya wapi, vya rangi gani, na mimi nikawa naongeza. Sasa ni mwaka wa tatu. Winfrida anajua jina la duka. Nililitunga mimi.

Ndiyo maana siku za kutembelewa nilikuwa nakuandikia kwamba kuna mitihani. Hapakuwa na mitihani.

Mama, kama ni lazima mje, njooni. Siwezi kuwazuia. Lakini nakuomba kitu kimoja. Mkifika mbele ya shule yetu usiniite jina. Usinipungie mkono. Pita tu. Nitakuja likizo nikuombe msamaha kwa magoti, lakini siku ile mbele ya watu wote wale usinitaje.

Najua hii barua ni mbaya.

Gloria


Nyamakendo
Jumapili, 27 Aprili 2025

Gloria,

Barua yako Dullah amenipa nikiwa kilimani. Nimeisoma mara moja, inatosha.

Nilikuwa nikidhani hiyo shule ina mitihani mingi kuliko shule zote za Tanzania. Niliwaambia watu hivyo. Niliwaambia kwa kujisifu.

Tarehe moja nitapita. Nitakaa mbele, kwa sababu ng'ombe ni wangu na hawamsikilizi mwingine. Nyundo itakuwa mkononi. Sina kitenge kipya, nitavaa hiki hiki. Kama kuna mtu hapo shuleni kwenu anaona aibu, afumbe macho, mkokoteni hauchukui muda mrefu kupita.

Wewe usiogope. Sitakuita. Sitageuza kichwa. Utaona mama mmoja tu anapita na ng'ombe zake.

Waisiko Nyamhanga
Mpondaji kokoto


Mugumu
Ijumaa, 2 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa nje ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu, nimeambiwa nisubiri. Jana hawakuniruhusu kubaki na wewe hata dakika mbili, walitukusanya tukapanda basi la shule. Kwa hiyo sijui mliishiaje. Dullah akichelewa kuleta jibu nitaugua.

Nataka nikwambie nilivyoona mimi.

Malori yote yalikuwa yameshapita. Twiga mwaka huu walimtengenezea na mtoto. Sisi tulikuwa tumesimama kushoto kwa jukwaa, mimi na Winfrida tumeshika bango, na watu wameanza kusema sasa zitakuja hotuba. Ndipo nikasikia nyundo. Niliisikia kabla sijaona kitu, ko, ko, ko. Nikajua ni nyie.

Mama, hukuniambia mkokoteni utakuwa mzuri namna ile. Sikuona mbao. Sikuona hata magurudumu. Nilidhani nitaona mkokoteni umechomekwa maua, nikaona kilima kizima cha njano na zambarau kinatembea, na juu yake Mama Simoni na wenzake wamekaa wanaponda mawe kwelikweli, vumbi linaruka kwenye alizeti. Wengine wote nyuma kwa miguu, mistari miwili. Msemaji akageuza karatasi yake, akageuza tena, hakuona jina. Akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa… mkokoteni." Watu wakacheka.

Matarumbeta ya shule yetu yakaanza, na ng'ombe wetu Doa akalala chini palepale katikati ya barabara. Nira ikampinda mwenzake Meja shingo. Mkokoteni ukayumba. Kicheko kikawa kikubwa, mpaka waliokuwa jukwaani walicheka. Askari wawili wakaanza kuja, mmoja ana kirungu.

Nilikuwa bado nimesimama, mama. Nataka ujue hilo. Nilikuwa natazama chini, kama yule uliyemwandikia afumbe macho, nikingoja mpite.

Kisha ukashuka. Nikainua macho nikakuona umeenda kushoto kwa Doa kutafuta kamba. Kamba ilikuwa inaning'inia mbele yako kabisa. Ukaipapasa hewani. Ukapapasa mara ya pili, mara ya tatu, na ilikuwa palepale. Ndipo nikaelewa kwa nini mistari ya barua zako inapanda.

Nikamwambia Winfrida, "Shika bango."

"Unaenda wapi?"

"Yule ni mama yangu."

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka pua ya Doa ilikuwa imelowa, na nikamziba macho kwa kiganja kama tunavyofanya nyumbani ngurumo zikipiga, nikamsemesha maneno yale yale. Askari akaniambia, "Wewe mwanafunzi, rudi kwenye mstari." Nikamwambia, "Afande, huyu ng'ombe hainuki kwa kirungu, nimemlea mimi." Doa akainuka. Msemaji alikuwa karibu na mimi, nikamwelekea na sare yangu na tope magotini, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Ni wapondaji kokoto wa Nyamakendo! Wako arobaini na mmoja!" Na yeye akakirudia kile nilichosema kwenye kipaza sauti, neno kwa neno.

Sasa naitwa ndani. Nijibu kitu kimoja tu, mama. Jicho limefanya nini?

Gloria


Nyamakendo
Jumanne, 6 Mei 2025

Mwanangu Gloria,

Nianze na jicho maana ndilo uliloliuliza. Mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, kipande cha jiwe kiliruka kikanipata la kushoto. Nilijua ukisikia utatoroka shule, kwa hiyo nikakaa kimya. Naona mwanga tu upande huo, kama mtu anayetazama kupitia gunia. Bi Samira ananipeleka Musoma wiki ijayo kwa daktari wa macho. Wewe ulinificha duka, mimi nilikuficha jicho. Tusihesabiane.

Lakini kwa lile la kutaka nisikuite, nilikasirika, na bado sijamaliza kukasirika. Nikimaliza nitakwambia.

Na sikukuita. Hilo ulione. Nilipita mbele ya sare zenu nimetazama mbele kama nilivyosema, shingo inaniuma kwa kuikaza. Doa alipolala nikasema moyoni, haya, leo tumekwisha. Nikashuka. Nikawa natafuta kamba kwa upande ambao sioni, na kicheko kile kiko masikioni. Halafu nikasikia mtu anamsemesha Doa kwa Kikurya cha nyumbani kwangu. Nikajua ni nani, na nikashindwa kugeuka. Ningegeuka ningelia, na nilikuwa nimeapa mbele ya Mokami kwamba siku hiyo hakuna kulia.

Hujui tulivyoingia. Asubuhi walituzuia kule mwanzo. Askari akasema bila kibali hakuna kupita. Mokami akamwambia sawa, tukageuza. Tukazunguka kwa njia ya sokoni, wauza nyanya wakasogeza meza zao wenyewe tupite, wengine wakatuongezea maua na mabua ya mahindi. Tukatokea nyuma ya lori la mwisho. Bi Samira alikuwa anatembea ubavuni na ndoo ya maji, kila ua likilegea analichomoa anachomeka jingine, na mtu yeyote akituuliza kibali anamjibu yeye, "Hii harusi, baba, tupishe."

Baada ya nyie kuondolewa, mgeni rasmi aliteremka jukwaani. Sijui kama alipenda au aliona watu wote wanatazama kwetu. Akafika, akawaangalia wanawake juu wakiponda, akamuuliza Mama Simoni kama hachoki. Mama Simoni akamjibu, "Nachoka." Basi, hakuongeza.

Watoto wa shule ya msingi walikuwa wamempa mgeni maua kutoka kila gari. Mokami akatoa ile karatasi ya kwenye mti, tundu la msumari bado lipo, akampa. Akaisoma. Akainua macho.

"Hii inasema hakuna watu."

"Ndiyo," Mokami akasema. "Ndiyo maana tumekuja watu wenyewe."

Hakutuahidi kitu, nakwambia usije ukadhani tumeshinda. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema kitafanyika kikao palepale kilimani tarehe ishirini na mbili, mkandarasi awepo na sisi tuwepo. Kijana wa fomu alisimama nyuma yake anaandika majina yetu. Arobaini na moja yote. Mkono ulimuuma.

Niambie hapo shule wamekufanya nini. Usinifiche.

Mama yako,
Waisiko


Mugumu
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikufichi tena kitu.

Mwalimu wa nidhamu alisema nimetoka kwenye mstari bila ruhusa mbele ya mgeni rasmi, na nimewasemesha wakubwa kwa kelele. Aliniuliza kama najuta. Nikasema najuta kumwachia Winfrida bango zito peke yake. Akasema hilo silo alilouliza. Nikasema najua.

Wamenivua beji yangu ya ukiranja. Na adhabu: lile rundo la mawe nyuma ya jiko, yanatakiwa kupondwa yawekwe kwenye njia ya kwenda bwenini maana ina tope. Mwalimu alinikabidhi nyundo mbele ya paredi ya asubuhi, wasichana mia tatu wananitazama. Alisema itanichukua wiki nzima.

Nilikwenda kwa mpishi nikaomba kipande cha tairi la baiskeli. Nikalikunja duara, nikaweka jiwe ndani lisiruke, nikakaa kwa upande kama unavyokaa wewe, mguu mmoja umenyooka. Nilifumba jicho kila nilipopiga. Sikuwahi kufikiria hilo zamani.

Siku ya kwanza walikuja kunicheka. Precious aliniita Mama Vitenge, wengine wakadakia. Nikaendelea kuponda. Nikamwambia, "Duka sikuwa nalo, nilidanganya. Mama yangu anaponda kokoto Nyamakendo. Ukitaka kucheka sogea huku, mawe yanaruka." Akaondoka.

Winfrida hakusema nami siku nne tangu Mei Mosi. Alikuwa haumizwi na kokoto, alisema, alikuwa anaumizwa na kwamba alinisimulia mambo yake yote ya kweli, na mimi nilimpa duka la kutunga. Siku ya tano alikuja na nyundo ya shule ya ufundi, sijui aliipata wapi, akakaa mbele yangu akajipiga kidole. Nikamfundisha. Ijumaa walikuwa tisa. Mwalimu alipokuja kukagua alikuta njia imeshamalizika, na wasichana wanabishana nani kokoto zake zimelingana. Akasema turudishe nyundo stoo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alinifuata jioni, akaniambia taratibu kwamba mama yake anauza pombe ya kienyeji na yeye amesema ni mwalimu. Nikamwambia sitamwambia mtu. Nikamwambia pia kwamba uongo wa mwaka wa kwanza ni rahisi kusahihisha kuliko wa mwaka wa tatu.

Daktari wa Musoma amesemaje?

Mwanao,
Gloria


Nyamakendo
Jumatatu, 26 Mei 2025

Mwanangu Gloria,

Daktari amesema jicho la kushoto halirudi. La kulia ni zima kabisa. Amenipa miwani ya plastiki ya kuvaa nikiponda, na Bi Samira amemkaba mfanyabiashara mmoja mpaka akatoa nyingine kwa ajili ya wote. Ukituona sasa kilimani utadhani tuko kwenye pikipiki. Nililia siku moja, nikamaliza.

Kikao kimefanyika. Mkandarasi alikuja na watu wake na lori, na juu ya lori ule mtambo umefunikwa turubai. Nadhani walitaka tuuone tuogope. Tulikuwa tumekaa kila mtu kwenye lundo lake, hakuna aliyesimama. Akaanza kusema eneo lake lote lina vibali. Mokami akamwomba asome majina ya watu waliokuwepo alipopima. Akasema hakukuwa na watu. Mama Simoni akanyanyuka hapo, na unajua magoti yake, akamwendea mpaka usoni. "Nitazame vizuri, baba. Siku unapima nilikuuzia maji ya kunywa. Ulikunywa vikombe viwili." Yule bwana akamkumbuka. Niliona kabisa anavyomkumbuka. Akashusha macho.

Hatukupata kilima chote. Wamekigawa: upande wa machweo wake na mtambo wake, upande wa mawio wetu. Wa kwetu ndio wenye mawe magumu, usidhani wametupendelea. Mokami hakuridhika, anasema mwakani tunarudi barabarani kudai na ule mwingine, na ameshawaambia wenzake waanze kupanda maua mapema. Tumesajiliwa kikundi. Kwenye karatasi ya usajili kuna sehemu imeandikwa "shughuli," tukaandika: kuponda kokoto.

Ile hasira niliyokwambia imekwisha. Iliisha siku niliposoma habari ya jicho, kwamba ulikuwa unalifumba kila ukipiga. Usiniombe msamaha kwa magoti, kuna palizi ya kutosha ya kupigia magoti.

Shule inafungwa Ijumaa na wameandika wazazi waje wachukue watoto na kuonana na walimu. Hii ni mara ya kwanza naja, kwa hiyo nielekeze bweni lako liko wapi. Nitakuja na kitenge hiki hiki na miwani yangu. Huyo Winfrida nimletee mahindi mabichi, na huyo Precious pia, asije akasema tunambagua. Na mwalimu wako wa nidhamu akitaka kujua mama Gloria anafanya kazi gani, wewe nyamaza. Usinitangulie, usinisaidie. Nina mdomo wangu.

Mama yako,
Waisiko